Sekunde Ishirini Kabla ya Karibu

Mwanangu Nuru,

Barua yako ya chuo haikucheleweshwa na mtandao. Aliyeirudisha mlangoni ni mimi. Sijamwambia mtu hilo, si bibi yako, si mjomba Kassimu, wala mama yako kule Maskati. Wewe ndiye wa kwanza, maana ndiye uliyelia.

Basi, limetoka. Nimeweka kalamu chini nikanywa maji, nikaona paa halijaanguka.

Najua umecheka pale juu penye "mwanangu". Nimekupita miaka miwili tu, na shuleni ulikuwa ukiniita mama mdogo kwa sauti mbele ya rafiki zangu makusudi, ili nione haya, nami nilikuwa naona haya kweli. Lakini dada alipoondoka kwenda kazini Maskati aliweka mkono wako kwenye mkono wangu akasema, "Huyu mwanao." Nilikuwa na miaka kumi na moja, wewe tisa. Kila mtu alidhani anatania, ila mimi. Kwa hiyo leo naandika kama mzazi, na kama ukiona nimekosea namna ya kuandika kama mzazi, ujue sina mazoezi.

Sasa hivi uko mitaani na bibi yako, mnapita nyumba kwa nyumba kuaga. Alasiri imeshaadhiniwa. Nahesabu mtarudi kabla ya magharibi, kwa sababu Bi Saada hamwachii mtu atoke bila kumsomea dua yote na kumlisha visheti. Mambo ya blanketi, soksi na dawa ya kifua bibi ameyasema mara nne, mimi siyarudii. Mimi nina hili moja.

Unakumbuka nilivyoanza kwenda Kerege, ofisini kwa mjomba? Ulikuwa ukiniuliza nafanya nini kule nami najibu "kompyuta", kwa sababu kueleza kulikuwa kunanichosha. Nikueleze leo. Mjomba anatunza seva za barua pepe za nyumba saba: hoteli ya Mlingotini, shule ya Mapinga, zahanati, na wengine. Seva ni kama mzee anayekaa barazani. Barua ikija, mashine iliyoileta inabisha, mzee anaitikia karibu, ndipo yule mgeni anajitaja na kusema amemletea nani. Utaratibu wa dunia nzima ni huo: mgeni anangoja karibu. Programu yenyewe mjomba aliipata bure zamani na amekuwa akiiongezea mambo mwenyewe. Kila nyumba ina faili lake la mipangilio, na humo mwenye nyumba anaandika anavyotaka mzee wake wa barazani afanye kazi.

Hoteli walikuwa wanalalamika. Barua taka zilikuwa zinawajaa, za urithi wa mfalme sijui gani, za dawa za nguvu za kiume, mpaka meneja akawa anaogopa kufungua barua mbele ya wageni. Mimi nikasoma, nikagundua kwamba hizi mashine za matapeli zina haraka. Hazingoji karibu. Zikifika tu zinaanza kumwaga maneno. Basi nikatunga chaguo jipya kwenye programu: seva inyamaze kidogo kabla ya kukaribisha, na yeyote atakayesema kabla ya kukaribishwa afukuzwe. Ukiandika sifuri kwenye faili, hakuna kungoja, kila kitu kama zamani. Ukiandika ishirini, seva inanyamaza sekunde ishirini.

Wallahi nilijiona. Mimi ambaye nikipita mbele za watu salamu yangu inakwama kooni mpaka wananiita mwenye maringo, nimetunga kitu kinachopima adabu ya wengine. Na unajua tulivyolelewa nyumba hii. Anayeingia bila hodi ana lake. Sikuwa na shaka hata tone.

Mjomba aliangalia kazi yangu akiwa amesimama, ameshavaa kofia anakwenda Ijumaa. Akauliza jambo moja tu. "Na ambaye hakuandika kitu kwenye faili lake, huyo anapata nini?"

Nikamwambia, "Huyo tumpe ishirini, mjomba. Alindwe tu hata kama hajui."

Akasema haya, lakini nimpitishie Mzee kwanza. Mzee ni ile kompyuta ya rangi ya maziwa yaliyochacha iliyo chini ya meza, ina programu za miaka hiyo ya nyuma. Sheria ya mjomba ni kwamba toleo jipya halitoki ofisini mpaka Mzee azungumze nalo na waelewane. Ila Mzee kuwaka kwake ni nusu saa, anakohoa, anazima, anaanza upya. Nikaangalia saa. Nikasema moyoni, huyu ana nini cha kunifundisha. Nikapeleka toleo jipya kwenye nyumba zote saba, na kwenye seva yetu ya ofisi pia, bila hata mmoja wao kuandika neno kwenye faili lake.

Wiki hiyo barua taka zikakauka. Meneja wa hoteli alituletea halua. Nilikuletea kipande, ukasema imezidi iliki.

Sasa sikia. Simu yako ilikuwa imekufa, na ulipoomba chuo cha uuguzi uliniuliza uweke anwani gani. Nikakuambia weka ya ofisini kwetu, ndiyo ya uhakika. Ndivyo nilivyosema, ya uhakika.

Wenzako wa shule wakaanza kupata majibu. Wewe kila jioni unanipokea mlangoni unauliza bila kuuliza, unaangalia mkoba wangu. Siku ya kwanza nilisema labda hawajatuma. Baada ya wiki nikasema wanatuma kwa herufi, yako bado. Halafu jioni moja uliacha kuja mlangoni, nikakukuta jikoni unakuna nazi, nikakaa pembeni yako nikasema kwa sauti ya mtu mzima, "Pengine si riziki yako, Nuru." Uliendelea kukuna. Neno hilo ndilo linaloniuma kuliko kosa lenyewe. Kitu nilichokizuia kwa mkono wangu nilimsingizia Mungu.

Aliyenifungua macho ni Bi Mwanamvua wa Kiwangwa. Unajua anavyoingia. Siku ile ya Jumanne ameshuka na mihogo yake, hajafika hata kizingitini ameshaanza habari ya mvua, ya mbuzi wa jirani, ya goti lake, yumo ukumbini, yumo jikoni, ndipo akakumbuka kusema hodi akiwa ameshakaa kwenye mkeka. Bibi yako akamjibu, "Karibu, wifi, hodi yako siku zote inafika na basi la nyuma." Mkacheka wote. Yeye akacheka zaidi. Kwao mlango hauna pazia wala komeo, mtu anaonekana tangu shambani, hodi ya nini?

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika sahani, nikaiweka chini. Maana nilimwangalia yule mama, hana hata chembe ya utapeli, amebeba mihogo kilo ishirini kutuletea bure, na kama baraza letu lingekuwa na lile chaguo langu angekuwa amefukuzwa na mzigo wake kichwani.

Nikachukua kompyuta ya ofisi, nikaingia chumbani, nikafungua kumbukumbu za seva, pale inapoandika nani kaja na nani karudishwa. Sikutafuta sana. Chuo chako kilikuja mara tatu, Jumatatu ya wiki iliyotangulia. Mashine yao ni ya zamani kama Mzee, inajitaja palepale inapofika, na miaka yote hakuna aliyeiona vibaya. Mara zote tatu ilibisha kwetu ikaanza kusema, na mara zote tatu seva yangu ikaijibu: umesema kabla ya kukaribishwa, rudi. Ikarudi. Mashine iliyokataliwa hivyo mara tatu haiji tena, inamwambia mwenyewe kwamba anwani hii haitaki barua zako.

Ungedhani nilitoka mbio kukuambia. Sikutoka. Hapa ndipo ninapoona haya kuandika, lakini nimeahidi nafsi yangu. Niliweka sifuri kwenye faili la ofisi yetu, nikakaa kungoja barua ije tena yenyewe, ili kosa lijifute na mtu asijue. Siku mbili, Nuru. Nilikuwa nafungua sanduku la barua kila dakika kumi kama mtu anayechungulia chungu. Nilikuwa najua barua yenye jina lako ipo, na usiku nilikuwa nalala kitanda cha pili kutoka kwako, nakusikia unageuka.

Jumatano ulikwenda Mapinga na rafiki yako, ukarudi umepata kazi kwenye duka la rangi na vigae. Walikupa fulana ya chungwa yenye jina la duka mgongoni. Hukulalamika. Uliipiga pasi vizuri, ukaikunja, ukaiweka kwenye kiti tayari kwa Jumamosi. Ukaniuliza, "Chungwa linanipendeza, mama mdogo?" Nikasema linakupendeza.

Alhamisi asubuhi nikapiga simu chuoni. Wewe unajua mimi na simu. Hata bodaboda mimi huwa natuma ujumbe. Nilisimama nyuma ya ofisi ya mjomba, kwenye matofali, namba nimeiandika kiganjani. Akapokea mama mmoja, nami sauti haikutoka.

"Ongea, mwanangu," akasema. "Nakusikia unapumua."

Nikamtaja jina lako. Akatafuta, nikasikia karatasi. Akasema, "Huyu si ndiye anwani yake ilitukataa mara tatu? Tukasema basi, binti mwenyewe hataki."

"Anataka," nikasema. "Anwani ndiyo iliyokosea. Yeye anataka."

"Basi athibitishe kabla ya kesho saa tisa. Keshokutwa ungekuta jina la mwingine."

Nilikaa kwenye matofali nikalia mpaka fundi wa jirani akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa na mtu. Yule mama alituma picha ya barua kwenye simu yangu, na yaliyobaki unayajua: nilivyokuja nyumbani juani nimeshika kiatu kimoja, vigelegele vya bibi yako, wewe umekaa chini sakafuni unasoma jina lako tena na tena. Bibi akasema, "Mtandao huu ulitaka kumharibia mtoto." Wote mkaniangalia mimi, mtu wa kompyuta. Nikasema ndiyo, mama, mtandao.

Hivyo ndivyo mtandao ulivyobeba mzigo wangu mpaka leo.

Kwa mjomba nilikwenda nusu. Nilimwambia kwamba wasioandika kitu kwenye faili wanafukuziwa wageni wa kweli, kwa hiyo nairudisha kwenye sifuri. Sikutaja chuo. Aliniangalia juu ya miwani. "Mzee ulimwasha?" Nikasema hapana. Nilingoja anifokee, hakunifokea. Alisema, "Chaguo ni la anayechagua, Maua. Ambaye hajui kama lipo hajachagua kitu. Huyo unamwacha alivyolala jana aamke hivyohivyo." Halafu akanituma kahawa, nilipofika mlangoni akaongeza kwamba hajawahi kuona mtu mwenye haya anayefukuza watu kwa wingi namna ile. Nilicheka huku nalia, na kahawa nikaisahau.

Nilifanya kazi siku nne. Nilipita kumbukumbu za nyumba zote saba nikaandika kila mgeni wa kweli aliyerudishwa: muuza unga wa shule, mwenye dawa wa zahanati, mzungu mmoja aliyeomba vyumba viwili hotelini, chake na cha dada yake. Kila mmoja nikamwandikia kwamba kosa lilikuwa letu, tuma tena. Wengi walituma. Chaguo lenyewe sikulifuta, maana si baya. Sasa asiyeandika kitu hapati kitu kipya. Anayelitaka anaandika mwenyewe. Na kabla ya ishirini nimeweka hatua nyingine, seva iandike tu majina ya waliosema mapema, isimzuie mtu, mwenye nyumba aangalie kwanza ni akina nani. Hoteli ya Mlingotini waliangalia wiki nzima, wakamwondoa muuza samaki wao kwenye orodha ya kufukuzwa, ndipo wakawasha. Mzee amezungumza na toleo hilo. Nilikaa naye nusu saa yake yote, anakohoa, nikamngoja.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya seva.

Lile jibu nililompa mjomba siku ya Ijumaa, alindwe tu hata kama hajui, nilikuwa nimeshawahi kulisema. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Mama yako alipoondoka ulikuwa unalala taa ya ukumbini inawaka na mlango wazi. Wiki ya pili niliamua umekua. Sikukuuliza. Nilizima taa nikafunga mlango, na kwa sababu hukusema kitu nikajua umekubali. Nikamwambia hata bibi, amezoea. Baada ya mwezi ndipo nikakuta kwamba kila usiku ulikuwa unangoja nipitiwe na usingizi, unatoka, unalala kwenye mkeka mlangoni kwa bibi, na alfajiri unarudi kitandani kabla sijaamka. Ulikuwa unajipanga upya kimyakimya kwa sababu mimi nimebadilisha kitu. Taa niliiwasha tena, lakini samahani sikuomba. Nakuomba leo, na ya barua nakuomba leo hiihii.

Mimi na wewe ni watu wa kunyamaza, Nuru. Tumefanana hapo kuliko puani. Na watu wanaonyamaza, wengine hutujazia wenyewe kile walichotaka tuseme. Mimi mwenyewe nilikujazia mara mbili, ninayekupenda. Huko uendako watakaokujazia hawatakuwa wanakupenda kiasi hiki. Kwa hiyo hata kama ni neno moja, hata kama linatoka na vumbi, liseme. Na ukiwa wewe ndiye unayepanga mambo ya wagonjwa wodini, yule mama wa shamba aliyekaa kimya kwenye benchi muulize. Sijui kama huu ni ushauri. Ni jambo ninalolijua kwa sababu nililifanya.

Na mtu akikunyamazia, usiseme kama nilivyosema jikoni. Piga simu kwanza. Ikiwa si riziki, itajulikana tu baada ya simu.

Sitakuomba ubaki ulivyo. Utarudi na lafudhi ya kwenye baridi na mambo mapya, na mimi nitayapenda au nitayazoea. Upande wetu hakuna kitakachobadilishwa bila wewe kuambiwa. Kitanda chako hakitapewa mgeni bila kukuuliza. Taa ya ukumbini nitaiacha ikiwaka. Bibi atasema umeme, nitamjibu.

Fulana ya chungwa nimeiona sandukuni, umeiweka juu kabisa. Nadhani utalalia. Nilipoiona nilisimama pale muda, nikashukuru kwa namna ambayo sina maneno yake, kwamba imekuwa nguo ya kulalia.

Nilipanga barua hii niitie chini yake. Uikute huko mbali, ukasirike huko mbali, hasira ifike kwangu imepoa. Nimeandika ukurasa wa kwanza wote nikiwa na kanga pembeni, kila mlango wa nje ukilia naifunika barua. Mara moja alikuwa paka. Mara moja mtoto wa jirani aliyeleta sufuria, nikamjibu nikiwa nimelalia karatasi kama mwizi. Sasa nikijiuliza ninachokikwepa ni kitu gani, naona ni uso wako tu. Na uso wako nimeulea mimi.

Kesho basi ni saa kumi na mbili. Kuna usiku mzima katikati. Unatosha wewe kukasirika, na bado ukabaki kidogo.

Nasikia bibi yako uani anamwambia mtu kwamba miguu imekwisha. Nasikia ndara zako. Unaburuta ya kushoto, ile niliyokwambia tuipeleke kwa fundi. Umefika kwenye mtungi. Kanga ipo palepale kwenye kiti na sijaigusa.

Umesimama. Wewe hujawahi kubisha chumba hiki, ni chako, lakini leo umeona taa na kivuli changu kimeinama, unafikiri labda nasali. Unangoja. Mimi ndiye niliyezoea kuchelewa kuitikia, na leo sitaki sekunde hata moja ipite.

Karibu, mwanangu. Ingia usome.

Mama yako mdogo,
Maua